Viatu vya kukimbilia vya mtindo wa peku: vikibana, vikichubua, vikiuma au visipopendeza

Malalamiko ya wanaovaa viatu hivi hujirudia: vidole vinagonga mbele, kisigino kinachomoka, mashavu ya miguu yanauma hadi kushuka ngazi ni kazi, na kiatu chenyewe kinaonekana kama kasia. Soli yake ni nyembamba, mara nyingi milimita 3 hadi 10. Kisigino na mbele viko kimo kimoja, sehemu ya vidole ni pana, na hakuna kigumu cha kushikilia kisigino wala tuta la kuinua uvungu wa unyayo. Kiatu cha kawaida cha kukimbilia huinua kisigino kwa milimita 8 hadi 12 kuliko mbele. Ukiondoa kimo hicho, kano na misuli iliyozoea kufanya kazi ikiwa imekunjika kidogo hulazimika kunyooka kila hatua.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta dalili yako hapa chini, jiulize mambo mawili: panauma wapi, na palianza kuuma lini?

Shida ya kiatu kisichokaa vizuri huwa juu juu, kwenye ngozi au kucha. Hujionyesha ndani ya dakika 10 au 15 za kwanza, na ukivua kiatu unapata nafuu hapo hapo. Shida ya mguu uliobebeshwa kazi usiyoizoea huwa ndani, kwenye msuli, kano au mfupa. Hiyo huja baada ya kukimbia au kesho yake asubuhi, na kuvua kiatu hakuiondoi. Ya kwanza inatibika kwa kamba, soksi au saizi, na ya pili kwa kupunguza kilomita. Wengi hununua kiatu kingine wakati dawa yao ilikuwa kupunguza kilomita, na wengine hupunguza kilomita huku kidole kidogo kinaendelea kusagwa ndani ya kiatu chembamba.

Anza na vipimo, hata kama una hakika na namba yako

Pima jioni, mguu ukiwa umeshatanuka, na uvae soksi utakazokimbilia. Weka karatasi sakafuni igusane na ukuta, simama kisigino kikigusa ukuta na uzito wote ukiwa juu ya mguu huo. Shika penseli wima kabisa, uweke alama kwenye ncha ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa watu wengine ni cha pili na si gumba. Pima miguu yote miwili ufuate ule mrefu.

Kwa kiatu kilichofunga vidole pamoja, ongeza milimita 8 hadi 12. Kwa viatu vya vidole, vile vyenye kifuko cha kila kidole, kidole kiguse mwisho wa kifuko chake bila kusukumwa, maana nafasi ikibaki kifuko kinakunjika na kukwama ardhini.

Usitegemee namba iliyoandikwa kwenye ulimi wa kiatu. Namba moja ya Ulaya ni milimita 6.67 na namba moja ya Uingereza ni kama milimita 8.5, lakini namba hiyo hupima kalibu ambayo kiatu kilishonewa juu yake, si mguu wako. Kalibu ya 42 ina milimita 280, na kila kiwanda huamua chenyewe mguu wa urefu gani unaingia humo. Tafuta jedwali la mtengenezaji linalotaja urefu wa unyayo kwa milimita.

Kisha chora mguu mzima ukiwa umesimama, kata karatasi kwa kufuata mchoro, uitumbukize ndani ya kiatu. Ikilala bapa, upana unatosha. Ikijikunja upande wa kidole kidogo, kiatu hicho ni chembamba kwako hata kama urefu umetimia. Njia hii haigharimu chochote, na hugundua kosa ambalo kujaribu kiatu dukani kwa dakika mbili hakuligundui.

Vidole vinagonga mbele, au kucha inakuwa nyeusi

Sababu ya kawaida kabisa ni urefu mdogo, kwa kuwa mtu amenunua namba ileile ya kiatu chake cha zamani. Inayofuata ni kamba zilizolegea: kwenye mteremko mguu mzima unateleza mbele hata kama kiatu kina urefu wa kutosha. Tatu ni kucha ndefu. Ya mwisho, isiyotambulika kirahisi, ni umbo: kiatu kina urefu, lakini ncha yake iko katikati wakati kidole chako kirefu ni gumba, kwa hiyo gumba linakutana na mkunjo wa pembeni.

Kata kucha kwanza, kwa mstari ulionyooka. Kisha toa soli ya ndani, isimamie sakafuni, kisigino kikikaa sawa na ukingo wa nyuma. Ikiwa mbele ya kidole kirefu kuna chini ya milimita 6, hakuna namna ya kufunga kamba itakayokuokoa, badilisha saizi. Nafasi ikitosha, funga kamba vizuri sehemu ya juu karibu na kifundo, uache za mbele zikiwa legevu, halafu jaribu mteremko tena. Kama ni umbo, tafuta kiatu ambacho ukingo wake wa ndani unakwenda moja kwa moja kutoka kisigino hadi gumba.

Weusi wa kucha iliyogongwa husogea mbele polepole kadiri kucha inavyokua. Ukibaki palepale kwa miezi, au ukitokea kama mstari mweusi bila kugongwa popote, usiufanyie mzaha, muone daktari. Muone pia kama kucha inapwita, inatoa usaha au wekundu unapanda kidoleni.

Kidole kidogo kinachubuka, au malengelenge yanatokea katikati ya vidole

Hapa kiatu chenyewe hutoa ushahidi. Baada ya wiki mbili za kukivaa, toa soli ya ndani uitazame kwenye mwanga. Utaona madoa meusi ya jasho: doa kubwa la kisigino, doa pana la mbele, na vidoa vitano vya vidole. Kidoa cha kidole kidogo kikiwa chote ndani ya soli, upana si tatizo. Kikiwa nusu, kimekatwa na ukingo kama mwezi mwandamo, kidole chako kinakimbia kikiwa kimepanda ukuta wa kiatu.

Kama kidoa ni kizima na bado unachubuka, chunguza mshono. Ingiza mkono kiatuni upapase kwa ncha ya kidole mahali panapochubua, na mara nyingi utakuta uzi au gundi iliyokauka inayoumiza ngozi yako. Uzi kata kwa mkasi mdogo. Gundi isugue kwa msasa laini. Baada ya hapo angalia soksi: pamba hushika jasho na kulainisha ngozi, hivyo tumia za nailoni au sufu nyembamba. Sehemu ya juu ya kiatu ikiwa ya ngozi halisi inaweza kutanuliwa kidogo na fundi viatu. Kitambaa cha wavu hakitanuki, kinachanika.

Kwenye viatu vya vidole, chanzo kikuu ni namna ya kuvaa. Kidole kidogo hupenda kuingia kwenye kifuko cha jirani yake. Fungua kamba zote, ingiza mbele ya mguu bila kusukuma kisigino, tumbukiza gumba, kisha vidole kimoja kimoja kwa mkono, na kisigino kiwe cha mwisho. Soksi za vidole huongeza unene pande zote za kila kidole, kwa hiyo usijaribu kiatu peku kisha ukakimbie na soksi.

Kisigino kinachomoka

Kuinuka kwa milimita 3 hadi 5 ukitembea si kasoro, kwa sababu nyuma ya kiatu hiki ni laini na hakuna kinachokibana kisigino. Ni kasoro pale kinapoinuka ukikimbia, au kinapokuchubua.

Chanzo cha mara nyingi ni kamba ambazo hazikutumia tundu la mwisho la juu. Pitisha kila kamba kutoka tundu la pili hadi la juu upande uleule, uache kitanzi kidogo. Vusha ncha ya kamba ya kushoto ndani ya kitanzi cha kulia, na ya kulia ndani ya kitanzi cha kushoto, vuta kwa kuelekea chini na nyuma mpaka kisigino kikae, kisha funga. Kabla ya kuvuta, gonga kisigino sakafuni mara mbili ili mguu urudi nyuma.

Ikishindikana, huenda kiatu kina hewa nyingi juu ya mguu. Bandika kipande cha sponji ya milimita 2 au 3 chini ya ulimi, nao utausukuma mguu nyuma. Wengi hubandika sponji nyuma ya kisigino, na hilo hula urefu wa kiatu na kurudisha tatizo la vidole. Ikiwa vyote hivi havitoshi, kiatu ni kirefu mno au kisigino chako ni chembamba kuliko kalibu yake. Usijaribu kulimaliza kwa kukaza kamba zaidi na zaidi, la sivyo utahamia dalili inayofuata.

Juu ya mguu panauma au panakufa ganzi

Kamba zimekazwa mno: ndiyo sababu karibu kila mara, hasa kwa mwenye mguu uliopanda juu. Ulimi wa viatu hivi ni mwembamba, hivyo kila kamba hukata kama uzi. Tafuta kwa kidole mahali panapouma, kisha fungua kamba uzifunge upya bila kuzikatisha juu ya hapo: zipande wima kila moja upande wake, zikatishwe tena tundu la juu. Nafuu huja siku hiyohiyo. Kama ulimi umehama pembeni, chukua sindano uushone upande mmoja kwa mishono miwili au mitatu.

Sasa jaribio muhimu. Vua kiatu, pumzika nusu saa, bonyeza mahali palipouma kwa ncha ya kidole. Uchungu ukiwa kwenye nukta moja juu ya mfupa, na pamevimba kidogo, acha kuhangaika na kamba, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya maumivu ya mfupa.

Unyayo unawaka moto au kila kokoto linahisiwa

Kuhisi ardhi ndiyo kazi ya kiatu hiki, na ngozi na neva hutulia baada ya wiki kadhaa. Kuwaka moto ni jambo jingine, na maana yake mguu unateleza ndani ya kiatu. Hutokana na jasho, soli ya ndani iliyolegea, au kutua mguu ukiwa mbali mbele ya mwili na kuuvuta ardhini. Kagua kwanza kama soli ya ndani inasogea. Ikisogea ibandike kwa mkanda wa pande mbili. Kisha fupisha hatua: hesabu hatua za mguu wa kulia kwa sekunde 30, na kama ni chini ya 40, jaribu kufikia 42 au 45 bila kuongeza mwendo. Kama makokoto bado yanaumiza, rudisha soli ya ndani ya milimita 3 kwa njia za mawe uitoe kwenye lami. Hakuna ubaya wowote.

Moto unaokaa katikati ya kidole cha tatu na cha nne, kama umeme au kama umekanyaga soksi iliyokunjana, ni neva iliyobanwa. Kiatu kipana husaidia, lakini ukiendelea wiki mbili hadi tatu muone mtaalamu wa miguu.

Onyo ambalo halina mjadala: mwenye kisukari, au yeyote ambaye nyayo zake zimepungua hisia, asikimbie na soli nyembamba kabla ya kuzungumza na daktari wake. Msumari unaweza kupenya asiusikie. Na kwa mtu yeyote, jeraha la kuchomwa kupitia soli lisafishwe mara moja kwa maji na sabuni, kisha mwone mhudumu wa afya kuhusu chanjo ya pepopunda.

Mashavu ya miguu yanakakamaa, kano ya kisigino inauma

Hapa ndipo wengi hukwama, na kiatu hakina kosa. Kisigino kimeshuka, kano inavutika zaidi, na shavu la mguu linabeba mshtuko uliokuwa ukimezwa na sponji. Wapo wanaomtaja Abebe Bikila, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu. Bikila alikuwa amezoea kukimbia peku, na mwaka 1964 kule Tokyo alishinda tena akiwa amevaa viatu. Miguu yake ilikuwa tayari. Ya kwako iliyolelewa kwenye kisigino cha milimita 10 inahitaji muda.

Maumivu ya pande zote mbili, yanayokuja kesho yake na kwisha ndani ya siku 2 au 3, ni ya kawaida. Pumzika mpaka yaishe ndipo ukimbie tena. Kulazimisha juu ya msuli uliokakamaa ndiko kunakochana. Utaratibu unaofaa wengi ni huu: wiki mbili za kutembea tu, dakika 30 kwa siku. Wiki ya tatu, dakika 5 za kukimbia mara tatu kwa wiki, na mazoezi yaliyobaki ufanye na viatu vyako vya zamani. Kila wiki inayofuata ongeza dakika 3 hadi 5 kwa kila zoezi, mradi asubuhi umeamka bila kuchechemea. Ongeza na zoezi la ngazi: simama na mbele ya nyayo ukingoni, panda juu kwa sekunde 2, shuka kwa sekunde 4, mara 15, seti 3.

Kosa dogo linaloharibu utaratibu mzuri ni kukimbia ukiwa umeinua kisigino muda wote kama mcheza ngoma. Acha kisigino kiguse chini kila hatua, kwa upole.

Acha kabisa na utafute matibabu siku hiyohiyo kama umesikia "pa!" nyuma ya mguu na huwezi kusimama kwa vidole, au kama shavu la mguu mmoja tu limevimba, lina joto na linauma bila sababu ya mazoezi. La pili linaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa, na hilo si la kusubiri kesho.

Mfupa wa mbele ya mguu unauma

Mifupa mirefu ya kidole cha pili na cha tatu ndiyo huathirika zaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 uliwafuatilia wakimbiaji waliohamia viatu vya vidole kwa wiki 10. Picha za MRI zilionyesha uvimbe ndani ya mifupa ya miguu kwa wengi wao kuliko kwa wenzao waliobaki na viatu vya kawaida, ingawa walikuwa wakiongeza mwendo hatua kwa hatua.

Hakuna cha kurekebisha kwenye kiatu hapa. Nukta moja inayouma ukiibonyeza, uvimbe juu ya mguu, maumivu yanayozidi kila unapokimbia na hatimaye yanayokuamsha usiku: simamisha mbio leo. Usijipime kwa kuruka kwa mguu mmoja, kwa sababu ufa mdogo unaweza kuwa mvunjiko kamili. Muone daktari, na umweleze kwamba umebadilisha viatu na tangu lini. Eksirei ya wiki 2 au 3 za mwanzo inaweza isionyeshe kitu, hivyo picha safi huku mfupa bado unauma si ruhusa ya kurudi barabarani. Wakati huo vaa kiatu chenye soli ngumu.

Kiatu hakipendezi

Lalamiko hili wengi hulitoa kwa aibu, na halina aibu. Mtu asiyependa kuonekana na kiatu atakiacha chini ya kitanda.

Kinapoonekana kama mdomo wa bata, mara nyingi ni kirefu mno, wala si kipana mno. Rudi kwenye vipimo. Kama saizi ni sahihi, rangi hufanya kazi kubwa: kiatu cheusi au cha kijivu, chenye soli ya rangi hiyohiyo, huonekana kidogo, ilhali soli nyeupe huchora mzingo mzima wa mguu ili kila mtu auone. Badilisha kamba za rangi kali kwa zile za rangi ya kiatu. Suruali iliyofika kwenye kifundo hupunguza upana machoni, na kaptula huuongeza. Asiyetaka kuulizwa maswali njiani achague kiatu kilichofunga vidole; kile cha vidole vitano kitatazamwa siku zote.

Mikunjo juu ya vidole haiepukiki kwenye soli inayopinda. Mkunjo mmoja mkali ulio mbele ya vidole, mahali pasipo na mguu, maana yake ni urefu wa ziada. Tundu linalotoboka juu ya gumba hutokana na kucha au na tabia ya kuinua gumba wakati wa kukimbia: kata kucha, bandika kiraka chembamba cha nailoni kwa ndani kabla tundu halijafikia ukubwa wa punje ya mahindi.

Kinanuka

Osha kwa mkono, maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 30, sabuni laini, soli ya ndani ikiwa nje. Jaza karatasi za gazeti, zibadilishe baada ya saa 2, anika kivulini. Jua kali, hita na mashine ya kukausha hulegeza gundi. Jiki hula nyuzi. Harufu ikirudi ndani ya siku mbili huku ngozi katikati ya vidole inawasha na kubanduka, ni fangasi. Tibu mguu, si kiatu peke yake.

Soli inabanduka au imetoboka

Ikibanduka ukingoni kwa sentimita 3 au chini ya hapo, sugua pande zote mbili kwa msasa namba 100, futa kwa spiriti, paka gundi ya viatu nyembamba pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka ishike kidole bila kuchafua, kisha bana na uache saa 24. Gundi ya papo kwa papo haifai, hukauka ngumu na kuvunjika kwenye mkunjo wa kwanza. Ikibanduka zaidi ya hapo mpelekee fundi viatu, lakini mwambie asiongeze kisigino wala soli nene, kwa mazoea yake anaweza kukufanyia hivyo kwa nia njema.

Kuisha nje ya kisigino kunaonyesha unatua kwa kisigino. Tundu la duara chini ya mbele ya unyayo linaonyesha unasokota mguu unapousukuma. Bonyeza hapo kwa gumba kutoka ndani: ukihisi inabonyea laini kama ngoma ya karatasi kuliko sehemu ya jirani, jozi hiyo ibaki ya kutembelea sakafuni, usiipeleke tena njia ya mawe.